Fibrinojeni ilishuka nilipojifungua: ni ugonjwa wa kuzaliwa au ni wa uzazi ule?

Swali la msomaji kutoka Tanga:

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 29. Miezi saba iliyopita, mimba ikiwa na wiki 34, kondo la nyuma liliachia kabla ya wakati, mtoto akafia tumboni, nami nikatokwa damu ambayo haikuganda. Nilihamishiwa hospitali kubwa, nikaongezewa chupa sita za damu na plazma. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika fibrinojeni 0.8 g/L, hakuna aliyenieleza. Kabla ya hapo mimba yangu ya kwanza iliharibika ya wiki saba. Kaka yangu alipotahiriwa alitoka damu siku tatu. Mume wangu ni mtoto wa mjomba wangu, na mama mkwe anasema ukoo wetu una damu nyepesi. Nakunywa vidonge vya kuongeza damu na juisi ya rozela kila siku. Nataka kuzaa tena. Je, hili nimezaliwa nalo? Mtoto atarithi? Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kumpoteza mtoto, na pole kwa kurudishwa nyumbani na namba moja kwenye karatasi bila mtu wa kukufafanulia.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa uliyoyaeleza, uwezekano mkubwa ni kwamba fibrinojeni yako ilishuka kwa sababu kondo liliachia, si kwamba ulizaliwa na upungufu. Lakini kipimo kilichochukuliwa mtu akiwa anamwaga damu hakiwezi kuthibitisha ugonjwa wa kuzaliwa, wala hakiwezi kuukanusha. Kitakachoamua ni kipimo utakachofanya ukiwa mzima, huna mimba, huna homa. Hicho hujafanya, na nakuomba sana ukifanye kabla hujashika mimba nyingine. Tena usiende peke yako. Nenda na kaka yako, maana katika barua yako nzima, yeye ndiye aliyenishtua zaidi. Sababu nitaieleza.

Fibrinojeni ni protini inayotengenezwa na ini, ikizunguka katika damu muda wote ikiwa imeyeyuka. Mtu mzima asiye na mimba huwa na gramu 2 hadi 4 katika kila lita ya plazma, yaani ile sehemu ya majimaji ya damu. Maabara nyingine huandika kwa miligramu kwa desilita, kwa hiyo ukiona 200 hadi 400 ni kitu kilekile, na 0.8 yako huko ingesomeka 80. Mtu akijikata, protini kadhaa huamshana moja baada ya nyingine hadi kufikia kimeng'enya kiitwacho thrombini. Thrombini hukata vipande vidogo vya fibrinojeni, na kinachobaki hugeuka kuwa fibrini, nyuzi zinazoshikana na kufuma wavu juu ya jeraha. Chembe nyekundu na chembe sahani hunaswa mle, kisha protini nyingine, faktori namba 13, hukaza mafundo. Fibrinojeni hiyohiyo ndiyo inayozishikamanisha chembe sahani zenyewe. Ikiisha, kazi zote mbili zinakwama: hakuna wavu, na hata kile kizibo cha awali cha chembe sahani hakikamatani vizuri.

Mjamzito ana habari yake. Mwili hujiandaa kwa kujifungua kwa kupandisha fibrinojeni, hadi kufikia kati ya gramu 4 na 6 katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo wewe hukushuka kutoka 2 hadi 0.8. Kama mwili wako ulikuwa wa kawaida, ulishuka kutoka 4 au 5. Hata gramu 2, ambayo kwa mtu mwingine ingesomeka kuwa ya kawaida, kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua ni dalili kwamba hali inaelekea pabaya. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hilo mwaka 2007: wanawake waliokuwa chini ya gramu 2 mwanzoni mwa kutokwa damu ndio walioishia kwenye hali nzito.

Kondo liliposhusha fibrinojeni lilifanyaje? Kondo lina wingi wa protini inayowasha mgando wa damu. Hiyo ni hekima ya maumbile, kwa sababu baada ya mtoto kutoka, pale lilipokuwa panatakiwa kuzibwa upesi. Likiachia mapema, protini hiyo huvuja kuingia kwenye damu ya mama, na mgando huanza kila mahali ndani ya mishipa midogo ya mwili mzima. Bonge kubwa linalojikusanya nyuma ya kondo nalo hula sehemu yake. Mwili, ukiona mabonge mengi hivyo, hufungulia kimeng'enya cha kuyeyusha mabonge, plasmini, ambacho nacho huikatakata fibrini na hata fibrinojeni iliyosalia. Damu inaganda isikotakiwa na inakataa kuganda inapotakiwa. Kondo linapoachia kwa ukubwa wa kuua mtoto, kushuka kwa kiwango ulichoshuka wewe ni jambo tunalolitarajia. Hakuhitajiki ugonjwa wa ukoo kulieleza. Hukulisababisha wewe, wala halikuletwa na chakula au kazi za nyumbani.

Hapa naomba wakunga na madaktari wa hospitali za wilaya wanaosoma wanisikilize pia, kwa sababu kipimo cha fibrinojeni hakipo kila mahali na mama hawezi kusubiri. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha kitandani kisichohitaji mashine. Chukua mililita 2 za damu ya mshipa, weka kwenye kichupa kidogo cha kioo, kisafi, kikavu, kisicho na dawa yoyote. Kishike ndani ya ngumi kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 kiinamishe polepole uone kama bonge limeanza, kisha rudia kila dakika. Dakika 7 zikipita bila bonge, au bonge likiwa laini la kuvunjika hovyo, chukulia kwamba mgando umeharibika na uanze kutibu. Kisiwe cha plastiki, wala kioo kilichooshwa kwa sabuni na kubaki na mabaki yake, maana vyote viwili hupotosha jibu. Nimetaja hili kwa sababu linaokoa saa nzima, na kwa mama wa namna yako saa moja ni kitu kikubwa.

Kuhusu zile chupa sita, ziliokoa maisha yako, lakini elewa zilikuwa na nini. Damu yetu nyingi siku hizi hutolewa ikiwa chembe nyekundu peke yake. Hizo hubeba oksijeni, ila fibrinojeni iliyomo ni kidogo mno, na ukipewa chembe nyekundu tupu pamoja na dripu nyingi, fibrinojeni iliyobaki mwilini huzidi kuzimuliwa. Plazma ndiyo iliyokurudishia. Lakini lita moja ya plazma ina takriban gramu 2 tu, na kuingiza lita moja kwa mama aliyechoka huchukua muda na humjaza maji. Dawa inayofaa zaidi ni krayopresipiteti, ambayo wodini huitwa krayo: plazma ikigandishwa kwa baridi kali kisha ikayeyushwa polepole kwenye baridi ya friji, kuna mashapo meupe yanayobaki chini, na humo fibrinojeni imejikusanya. Mwanasayansi Judith Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyeonyesha thamani ya mashapo hayo katikati ya miaka ya 1960, akiyatafutia wagonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri. Mfuko mmoja ni mdogo, mililita 20 hivi au pungufu, una takriban gramu 0.2 za fibrinojeni, kwa hiyo mifuko 10 inakupa kile ambacho lita nzima ya plazma ingekupa. Ipo pia fibrinojeni ya unga, iliyosafishwa kiwandani, inayoyeyushwa na kuchomwa mshipani ndani ya dakika chache. Ni bora zaidi na ni ghali zaidi. Mimi naamini kwa dhati kwamba kila hospitali ya rufaa inayopokea wajawazito ingepaswa kuwa na krayo kwenye friza usiku na mchana. Ikiwa kwenye friza hukaa hadi mwaka mmoja, na haidai teknolojia ngeni, inadai wachangiaji damu na umeme usiokatika.

Pamoja na hiyo kuna asidi ya traneksamiki, sindano inayozuia plasmini isiyeyushe mabonge. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, wenye wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue, inapunguza vifo vya kutokwa damu. Gramu 1 mshipani. Haiongezi fibrinojeni, inalinda iliyobaki.

Uzazi si njia pekee ya kupoteza fibrinojeni mtu akiwa amezaliwa nayo ya kutosha. Ini lililoharibika, kwa mfano kwa homa ya ini aina ya B ya miaka mingi, hutengeneza pungufu au hutengeneza yenye kasoro. Maambukizi mazito ya damu huimaliza. Aina moja ya saratani ya damu huimaliza kwa kasi ya kutisha, na dawa ya asparajinesi wanayopewa watoto wenye saratani ya damu hupunguza utengenezaji wake. Dawa ya kifafa ya valproeti nayo inaweza kuishusha, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Na kwetu kuna nyoka. Yule wa mitini aitwaye boomslang, anayepatikana karibu Afrika yote ya kusini mwa Sahara, ana sumu inayowasha mgando mwilini hadi fibrinojeni ikaisha kabisa. Mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt wa Chicago aliumwa na mtoto wa nyoka huyo mwezi Septemba 1957, akaona jeraha ni dogo, akawa anaandika dalili zake mwenyewe, na siku iliyofuata alifariki kwa kuvuja damu. Kwa nyoka wa aina hii plazma peke yake haitoshi, maana sumu inaendelea kula kila unachoongeza. Inatakiwa dawa ya sumu yenyewe.

Sasa tuje kwenye magonjwa ya kuzaliwa nayo, maana ndiyo uliyouliza.

Fibrinojeni hujengwa na minyororo ya aina tatu, na kila mnyororo una jeni yake. Jeni zote tatu zimekaa jirani kwenye kromosomu namba 4. Tunazipokea nakala mbilimbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na wanaume na wanawake hupata kwa usawa. Kasoro za jeni hizi huleta hali za namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kiasi. Aliyepokea nakala mbovu pande zote mbili anaweza kukosa fibrinojeni kabisa. Hali hii, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Ujerumani mwaka 1920, humpata takriban mtu mmoja katika milioni. Huonekana mapema: kitovu cha mtoto mchanga kinavuja na hakikomi, au jino likianza kung'oka nyumba nzima haina usingizi. Wengine huvuja damu kwenye ubongo au bandama hupasuka. Aliyepokea nakala moja tu mbovu huwa na fibrinojeni ya karibu nusu ya kawaida, na wengi wa hao huishi hadi uzeeni bila kujua, hasa wakiwa juu ya gramu 1. Hujulikana siku ya upasuaji au ya kujifungua.

Namna ya pili ni ya ubora. Fibrinojeni ipo, pengine ya kutosha, ila imejengwa vibaya na wavu unaofumwa hauna nguvu, au macho yake yamekaa vibaya. Hapa nakala moja mbovu inatosha kuleta hali yenyewe. Zaidi ya nusu ya watu hawa hawana dalili yoyote wanapogunduliwa, wengine huvuja damu, na wengine, hili huwashangaza watu, hupata mabonge kwenye mishipa ya miguu au mapafu. Wavu uliofumwa vibaya unaweza kuwa mgumu kuyeyushwa na mwili. Hata wale wasio na fibrinojeni kabisa hupata mabonge wakati mwingine. Kwa hiyo usimwamini mtu atakayekuambia kwamba "damu nyepesi" ni kinga ya kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla na pumzi kukata, ni hospitali siku hiyohiyo.

Nizilinganishe hizo na historia yako. Mimba iliyoharibika ya wiki saba inanifanya nisite kidogo, kwa sababu fibrinojeni inasaidia mimba changa kujishikiza, na wanawake wasio nayo kabisa hupoteza mimba katikati ya wiki ya 5 na ya 8 wasipoongezewa. Wenye upungufu wa wastani nao wana hatari zaidi ya mimba kuharibika na ya kondo kuachia. Lakini mimba moja kuharibika mwanzoni ni jambo linalowapata wanawake wengi mno wasio na ugonjwa wowote, na mtu asiye na fibrinojeni kabisa asingefika miaka 29 bila kulijua. Kwako mimi nafikiria mambo mawili: ama ulikuwa wa kawaida kabisa na kondo ndilo lililofanya yote, ama ulikuwa na upungufu wa nusu uliojificha na kondo likaufichua. La kwanza lina uzito zaidi. Jiulize pia kama ulikuwa na presha wakati wa ujauzito, au kama uliangukia tumbo, maana presha ndiyo kisababishi kikuu cha kondo kuachia, na sikuiona katika barua yako.

Halafu kaka yako. Mvulana kuvuja damu siku tatu baada ya tohara si jambo la kupuuza, lakini fibrinojeni siyo ninayoiwaza kwanza. Ninayoiwaza ni hemofilia. Hemofilia A, upungufu wa faktori namba 8, humpata takriban mtoto mmoja wa kiume katika kila 5,000, wakati ukosefu wa fibrinojeni ni mmoja katika milioni. Hemofilia hupitia kwa mama: mama asiyeumwa hubeba jeni mbovu, nusu ya watoto wake wa kiume wakaumwa, na nusu ya mabinti wakawa wabebaji. Kama kaka yako anayo na aliipata kwa mama yenu, wewe una uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa mbebaji. Na mbebaji anaweza kuwa na faktori namba 8 pungufu yeye mwenyewe, akatoka damu nyingi ya hedhi au ya uzazi. Upo pia ugonjwa wa von Willebrand, wa upungufu wa protini nyingine ya mgando, unaowapata wanaume kwa wanawake. Huenda pia kidonda cha tohara kilichafuka tu, au mshipa haukufungwa vizuri. Muulize kaka yako kama magoti au viwiko viliwahi kuvimba bila kuumia, kama aling'olewa jino ikawaje, na kama anapata mavilio ya damu makubwa akigongwa kidogo. Kama mama yenu ana kaka waliofariki wadogo kwa kutoka damu, andika. Historia ya upande wa mama ndiyo yenye uzito hapa.

Vipimo basi. Wewe upimwe muda wa mgando kwa njia zote tatu, yaani PT, aPTT na muda wa thrombini, pamoja na fibrinojeni kwa njia ya Clauss, ambayo hupima kazi yake. Omba pia kipimo kinachopima wingi wa protini yenyewe, kama maabara inacho, kwa sababu wingi ukiwa wa kawaida na kazi ikiwa chini, tatizo ni la ubora. Baadhi ya mashine hukadiria fibrinojeni kutokana na PT bila kuipima, na kadirio hilo linaweza kuficha fibrinojeni yenye kasoro. Muulize mhudumu wa maabara ni njia gani wametumia. Kaka yako aanze na aPTT na faktori namba 8 na 9, nawe upimwe namba 8 na von Willebrand papo hapo.

Damu ichukuliwe kwenye chupa ya kifuniko cha buluu, ijazwe hadi kwenye mstari, na isitolewe kwenye mpira wa dripu wenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Chupa iliyojazwa nusu, au iliyoganda kabla ya kupimwa, huleta majibu ya kutisha kwa mtu mzima wa afya. Usipime ukiwa na homa au kidonda kinachouma, kwa sababu fibrinojeni hupanda mwili unapopambana na maambukizi na itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Miezi saba tangu ujifungue inatosha, kiwango cha mimba kimeshaondoka. Kutoka Tanga, KCMC Moshi au Muhimbili Dar es Salaam ndiko ningekupeleka, na Muhimbili wana kliniki ya hemofilia itakayomfaa kaka yako. Piga simu kabla ya safari kuuliza kama kemikali za vipimo hivyo zipo wiki hiyo. Jibu moja la chini lisikuhukumu. Lirudiwe baada ya wiki chache.

Vidonge vyako vya kuongeza damu endelea navyo, maana ulipoteza damu nyingi na madini ya chuma yanakuhusu. Rozela inywe ukiipenda. Lakini vyote hivyo vinahusu wekundu wa damu, havigusi fibrinojeni. Hakuna chakula kinachoipandisha kwa aliyezaliwa na upungufu, na vitamini K haiitengenezi. Ukiumwa kichwa, tumia parasetamoli, achana na aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hadi majibu yatoke. Na kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, subiri pia majibu, kwa ile hatari ya mabonge niliyoitaja.

Mume wako kuwa mtoto wa mjomba hakusababishi ugonjwa. Kunaongeza tu uwezekano kwamba nyote wawili mmebeba nakala ileile mbovu kutoka kwa babu au bibi mmoja, ikiwa nakala hiyo ipo. Fibrinojeni yako ikiwa ya kawaida, suala hili la fibrinojeni limekwisha, mume hahitaji kupimwa. Ikiwa pungufu, naye apimwe kabla ya mimba. Yeye akiwa wa kawaida, kila mtoto wenu ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa na upungufu kama wako, ambao hudhibitiwa vizuri ukijulikana. Nyote mkiwa na upungufu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto asiye na fibrinojeni kabisa, na hapo tutazungumza kwa upana zaidi, wewe, mume wako na daktari wa damu mkiwa mmekaa pamoja. Mama mkwe wako mwambie kwa heshima kwamba kama ni nakala kutoka kwa babu mmoja, babu huyo ni wa mume wako pia.

Mimba ijayo. Vipimo vikiwa vya kawaida, wewe si mgonjwa wa damu, ila ni mama ambaye kondo liliwahi kuachia, na hilo linaweza kujirudia. Anza kliniki mapema, presha ipimwe kila hudhurio, na jifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, si zahanati. Daktari anaweza kutaka kukupa aspirini ya kipimo kidogo kuzuia kifafa cha mimba. Hiyo ni sababu nyingine ya kujua hali ya damu yako kabla, kwa sababu kwa mwenye damu isiyoganda uamuzi huo hubadilika.

Vikiwa pungufu, mimba bado inawezekana. Fibrinojeni hupimwa mara kwa mara tangu wiki za mwanzo. Kwa wenye upungufu mkubwa tunajitahidi isishuke chini ya gramu 1 mimba nzima, na siku ya kujifungua iwe juu ya 1.5, kwa krayo au fibrinojeni ya unga. Kwa sababu fibrinojeni hudumu mwilini, nusu yake ikitoweka kwa takriban siku 4, hairudiwi kila siku. Sindano ya ganzi ya mgongoni haichomwi bila majibu ya wiki hiyo. Krayo iwe imeombwa benki ya damu kabla uchungu haujaanza, jina lako likiwa limeandikwa.

Na mtoto akizaliwa, majibu yenu yakiwa yameonyesha tatizo lolote, iwe la fibrinojeni au la hemofilia, damu ya kitovu ichukuliwe ipimwe siku hiyohiyo. Kitovu kiangaliwe kila baada ya saa chache kwa siku za mwanzo. Chanjo apewe kwa sindano nyembamba, pabanwe kwa dakika kadhaa bila kusugua. Akiwa wa kiume, tohara isubiri hadi majibu yatoke, hata kama ngariba ameshaitwa na wazee wamekaa.